Firigisi ya Olimpiki

Ukifika Kibabii ukauliza nyumba ya Nanyama, utazungushwa mpaka viatu viishe soli. Uliza nyumba ya Olimpiki, hata mbwa watakusindikiza. Jina hilo hakujipa mwenyewe, na medali ya Olimpiki hana, hata ya bati. Lakini mimi nilikuwepo jina lilipozaliwa, na nilikuwepo kila lilipotuletea balaa, kwa hiyo wale wanaosimulia habari hizi sokoni Chwele huku wakitia chumvi, naomba wanyamaze kidogo aseme anayejua.

Mimi ni Edah, binti mkubwa wa Mzee Wabwile. Sikuolewa, na usiniulize kwa nini. Nina majibu mengi na hakuna hata moja zuri. Nilikuwa mwalimu wa chekechea hapo Kibabii, nikakaa kwa baba yangu. Nanyama ni mke wa ndugu yangu Absalom. Kwetu mtu wa aina hiyo unamwita mulamwa, na mulamwa ana ruhusa ya kukutania mpaka utoke machozi. Nanyama ruhusa hakuingoja.

Aliletwa nyumbani mwezi wa nane, mwaka wa themanini na nne. Absalom alimtoa Chwele, ambako mama yake, mjane, aliwalea wasichana watupu katika nyumba isiyokuwa na mwanaume hata wa kufunga mlango. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyebeba viazi vya watu sokoni tangu utotoni. Mama yangu, Peris, alimtazama toka juu hadi chini, kisha akaninong'oneza kwa mnong'ono uliosikika mpaka barabarani, "Sasa huyu, tumeletewa bibi ama tumeletewa ng'ombe ya plau?"

Nanyama akajibu, "Mama, plau iko wapi?"

Hapo nikajua nimepata rafiki.

Baba yangu alikuwa amestaafu ukalimani wa mahakama mjini Bungoma. Maisha yake yote alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa akisema "anasema ya kwamba", na kazi ilipokwisha, tabia ilibaki. Sasa, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kuepukana: hawashikani mikono, hawali meza moja, na maneno yao ni machache. Watu wengine huona desturi hiyo ni mzigo. Baba aliiona kama kurudishwa kazini, ila safari hii yeye ndiye hakimu na mkalimani ni mimi, bila mshahara. Nanyama anaweza kuwa amesimama hapo, karibu kabisa, na Baba ananigeukia mimi. "Edah, mwambie mtoto wa watu ng'ombe wameingia kwa mahindi." Mtoto wa watu amesikia, ng'ombe pia wamesikia, lakini wote tunangoja nitafsiri.

Hajamaliza mwezi wa kwanza, Nanyama akaua jogoo wa Baba. Alikuwa ameanika wimbi uani, na jogoo yule, ambaye alikuwa na kiburi cha chifu, alikuwa akija, anafukuzwa, anazunguka nyumba, anarudi. Nanyama alikuwa jikoni na jiwe la kusagia mkononi, lile dogo la juu. Alilirusha kumtisha tu. Jiwe lilitoka mlango wa jikoni, likapita juu ya wimbi, likapita kamba ya nguo, likamkuta jogoo karibu na choo akiwa ameshakimbia na anajiona ameokoka. Hakuwika tena.

Kuku aliyekufa hana kesi, analiwa. Lakini lazima ujue kuku wa kwetu hugawanywa kabla hajafa. Kila kiungo kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwenye boma. Haiombwi, haionjwi, haipungui hata kidogo. Nilipokuwa mdogo niliambiwa mwanamke akila firigisi huota ndevu. Mimi sikuila, na kidevuni nilikuwa na ndevu tatu kabla sijafika miaka thelathini.

Jioni ile Baba alikuwa na wageni, wazee wa ukoo waliokuja kusikiliza Olimpiki kwenye redio yake. Mama akapeleka bakuli. Baba akachovya kijiko. Akachovya tena. Akatazama chini ya bakuli, akatazama chini ya meza, kisha akaniita kwa sauti ya mahakama.

"Edah! Firigisi iko wapi?"

Nilienda jikoni nikamkuta Nanyama anajipangusa mdomo kwa leso, ametulia, hana wasiwasi wowote duniani.

"Mulamwa," nikamwambia, "niambie hujakula."

"Nimekula. Si ni mimi nilimuua?"

Kwao, katika ile nyumba ya wanawake, anayechinja ndiye anayekula firigisi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna mahali ambapo mambo ni tofauti. Nilirudi sebuleni nikatafsiri hivyo hivyo, maana mkalimani hapunguzi neno. Wazee wakashika vichwa. Mama akakaa chini mlangoni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Redio nayo ilikuwa inapiga kelele kuhusu medali. Baba akainyooshea kidole.

"Mwambie huyu mtoto wa watu: siku mwanamke wa boma hili ataleta medali ya Olimpiki, siku hiyo atakula firigisi ya kuku wangu. Na nitampa kwa mkono wangu mwenyewe, wazee hawa wakitazama. Kabla ya hapo, asiiguse."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nanyama alikuwa amesimama nje ya mlango, amesikia kila neno, na yeye hakucheka.

"Mwambie baba nimesikia," akasema. "Na umuulize, huko Olimpiki wanarusha nini?"

Absalom alikuwa dereva wa lori la Gurdev Singh, Kalasinga mwenye duka la saruji na mabati mjini Kitale. Baada ya kesi ya jogoo, Mama alisema afadhali huyo bibi amfuate mumewe huko. Basi Nanyama akahamia Kitale, katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya duka, akawa anapakia saruji kwenye lori. Wanaume wawili walikuwa wakishika mfuko mmoja. Nanyama alishika mfuko mmoja peke yake, na kwa mkono mwingine akawafukuza wasimzuie njia.

Gurdev alizaliwa Kitale na alikisema Kibukusu kushinda naibu wa chifu wetu. Mlango wa duka lake ulizuiwa usipigwe na upepo kwa tufe la chuma, kubwa, jeusi, ambalo wateja walidhani ni kipuri cha trekta. Asubuhi moja mlango ukajifunga kwa kishindo. Gurdev akatoka mbio.

"Nani ametoa kitu yangu ya mlango?"

"Mimi," akasema Nanyama. "Nilikuwa nafagia."

"Umeweka wapi?"

Nanyama akaonyesha kwa kidevu. Tufe lilikuwa upande wa pili wa uwanja wa duka, ng'ambo ya rundo la mabati, limezama nusu kwenye udongo. Gurdev akatazama mabati, akatazama tufe, akatazama ufagio ambao Nanyama alikuwa bado anaushika kwa mkono wa kushoto.

"Ulirusha na mkono moja?"

"Huu mwingine ulikuwa na ufagio."

Kumbe ujanani Gurdev alikuwa mrusha tufe. Alirusha shuleni, akashinda, akaota kwenda Olimpiki, na baba yake akamwambia Olimpiki haiuzi misumari. Akaingia dukani, na tufe likaingia mlangoni. Nanyama aliposikia neno Olimpiki alitupa ufagio chini akamweleza mambo yote: jogoo, firigisi, Baba, redio, wazee. Gurdev, ambaye hajawahi kula nyama tangu azaliwe, alicheka mpaka akashika kilemba kisimwanguke.

"Yote hii kwa sababu ya tumbo ya kuku?"

"Si tumbo. Ni firigisi. Na anipe yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Nanyama aliniambia kwamba hapo Gurdev aliacha kucheka. Firigisi hakuielewa, na hata leo haielewi. Lakini baba anayesema haiwezekani, huyo alimwelewa vizuri sana.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Na usiniletee ufagio."

Wakaanza. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, alimfundisha kati ya saruji na mabati. Mke wake, Harbans Kaur, alichukua kazi ya kumlisha, na Harbans aliamini nguvu zote za dunia ziko ndani ya dengu, maziwa na chapati za samli. Nanyama akanitumia salamu kwa Absalom: "Mwambie mulamwa ninanenepa kama ndama, lakini kuku huku ni picha ya kalenda tu." Nilicheka peke yangu barabarani. Mtu anapigania firigisi, na mahali pa kuipigania ni kwa watu wasioruhusu hata yai jikoni.

Mwaka wa themanini na sita akaja kushindana Bungoma, uwanjani. Alikuja na tufe la mlangoni limefungwa kwa leso. Mwamuzi akamwambia aliweke kando, akampa lile la wanawake. Nanyama akalipima mkononi, akamrudishia kwa heshima.

"Hii ni ya watoto. Naomba ya watu wazima."

Ilibidi Gurdev atoke kwenye jukwaa kumweleza kwamba miaka yote miwili alikuwa amefanyishwa mazoezi na tufe la wanaume, kwa sababu ndilo lililokuwa mlangoni.

Washindani walikuwa wachache. Mmoja alikuwa msichana kutoka Mlima Elgon, Cherono, mkimbiaji hodari ambaye mwalimu wake alimwingiza huku ili shule ijiongezee alama. Alirusha, kisha kwa mazoea akalikimbilia tufe, nusura alifikie kabla halijatua.

Ikafika zamu ya Nanyama, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba alikuwa ameapa hatakuja. Alisema ana kesi ya mpaka wa shamba. Sasa nikatazama ng'ambo ya uwanja, upande lilikoangukia tufe, na nani yule ameketi kwenye nyasi na koti la mahakama, kofia imeshushwa mpaka puani, na wazee watatu wa ukoo kando yake? Nanyama alimwona wakati uleule.

Lazima nikueleze jinsi tufe linavyorushwa. Mrushaji huupa uwanja mgongo, akainama sana, akajikunja, ndipo anaruka kinyumenyume na kugeuka. Kwa maneno mengine, kinachotazama uwanja ni makalio. Na mwamuzi alikuwa amemvua Nanyama leso kwa amri, amebaki na kaptura. Mke wa mtu, wa kwetu, kuinama na kaptura akimwelekezea baba mkwe makalio! Afadhali ulimwengu uishe asubuhi hiyo.

Aliganda ndani ya duara. Mwamuzi akapuliza filimbi. Nanyama akaniita.

"Mulamwa, mwambie baba ahame."

Nikavuka uwanja mbio, nikapiga magoti. "Baba, anasema ya kwamba uhame."

"Mwambie hapa ndiyo kuna kivuli."

Nikarudi. "Anasema hapo ndipo penye kivuli."

"Mwambie basi sirushi."

Nikavuka tena. Nilikuwa na viatu vya kanisani na jua lilikuwa kali. Watu jukwaani wakaanza kunipigia makofi, wakidhani mimi ni mashindano mengine. Mwamuzi akasema akipuliza filimbi tena, jina linafutwa. Gurdev alikuwa ameshika ndevu kwa mikono miwili. Nilimwambia Baba hivyo, na nilimwambia kwa hasira, kwa sauti ambayo binti hamtolei baba yake.

Baba alisimama polepole, akajipangusa nyasi, akageuka akaupa uwanja mgongo, akasimama anatazama ua wa uwanja. Wazee watatu wakaona hivyo, nao wakasimama wakageuka. Wakawa wamejipanga kama watu wanaokojoa.

Nanyama akainama, akaruka, akarusha. Tufe lilipaa juu ya alama ya Cherono, likapita vibendera vyote, likaanguka nyuma ya wazee wale kwa kishindo kilichowarusha kofia.

"Edah!" Baba akaita, uso bado kwenye ua. "Imefika wapi?"

"Imepita wote, Baba! Geuka uone!"

"Mwambie siwezi. Lakini mwambie nimesikia."

Toka siku hiyo Baba hakukosa mashindano hata moja. Kakamega alienda, Kitale alienda, na kote alikoenda alitazama ua. Akawa fundi wa kusikia. "Hiyo ni fupi," anasema bila kugeuka. "Hiyo ni ya yule msichana wa Kakamega. Hii sasa! Hii ni ya kwetu." Hakukosea. Watu wa Bungoma walidhani mzee ana kichaa cha aina fulani, na mimi nilichoka kueleza.

Mwaka wa themanini na nane tukaenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya Olimpiki. Gurdev alituendesha mwenyewe kwa pikapu, Harbans akiwa amejaza chapati za kulisha jeshi. Nanyama akashinda. Akawashinda wote waliokuwepo, akainuliwa juu, akapigwa picha. Kisha mzee mmoja mwenye miwani akaja na utepe wa kupimia akaeleza kwamba huko kwenyewe Olimpiki kuna kiwango, usipokifikia hupokelewi hata kama umeshinda nyumbani. Kiwango chenyewe kilikuwa mbele ya alama ya Nanyama kwa urefu kama wa kitanda. Timu ilipotajwa jioni, jina lake halikuwemo.

Gurdev alilia waziwazi mpaka ndevu zikalowa. Nanyama hakulia. Aliniuliza tu, "Mulamwa, kitanda cha mtu mmoja ama cha watu wawili?"

Tungerudi polepole tukawaeleza watu vizuri, mambo yangeisha. Lakini Absalom, ambaye alibaki kupeleka saruji Chwele, alikuwa amepata simu kwamba mkewe ameshinda. Ndugu yangu ana moyo mzuri na mdomo ambao hauna breki. Alipanda juu ya lori katikati ya soko.

"Bana, bibi yangu ameshinda Orimpiki! Lekodi amevunja! Ati dunia mzima!"

Tulipoingia Kibabii siku iliyofuata, tulikuta boma limejaa. Vigelegele vilianza tukiwa bado barabarani. Mama Peris, yule yule aliyeuliza habari za plau, alikuwa anacheza na ungo kichwani. Wazee walewale wa redio walikuwa wameketi mstari wa mbele. Na Baba alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, amevaa koti la mahakama, mkononi ameshika sahani, na juu ya sahani hakukuwa na kitu kingine ila firigisi moja.

"Edah," akasema, na sauti yake haikuwa ya mahakama, "mwambie mtoto wa watu aje achukue."

Nanyama alisimama pale na vumbi la safari. Nilimwona anaitazama ile sahani. Miaka minne ya dengu na saruji ilikuwa pale, imechomwa vizuri, inang'aa mafuta. Ilikuwa hatua chache tu na mkono wa Baba umeshanyooshwa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa ninamwombea kimoyomoyo achukue, ale, anyamaze, mengine tutayajua kesho.

"Mwambie baba sikushinda Olimpiki," akasema. "Nilishinda Nairobi. Olimpiki iko Seoul, na mimi siendi."

Vigelegele vikakatika kama vimemwagiwa maji. Absalom alianza kurudi nyuma taratibu mpaka akapotea upande wa ghala. Nilitafsiri, ingawa hapakuwa na mtu ambaye hakusikia.

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akaniambia chinichini, "Mwambie achukue tu. Watu wanatazama."

"Mwambie baba alisema medali. Mimi sitaki kuila kwa wizi, hiyo ya kwanza walisema niliiba."

Ikawa shida ambayo sheria zetu hazikuwa na jibu lake. Nanyama hawezi kuila, hajaleta medali. Baba naye hawezi kuila, maana ameshaitoa mbele ya wazee, na kitu alichokitoa hakirudishi mdomoni mwake. Wazee walijadiliana mpaka nyama ikapoa. Mmoja akasema basi apewe mgeni, wakamgeukia Gurdev, na Gurdev akainua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Mwishowe Mama akaichukua, akaifunika, akaiweka kando.

Asubuhi aliila paka.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote baadaye. Baba hakuonja firigisi tena. Kila kuku alipochinjwa, firigisi iliwekwa kwenye sahani yake, "ya Olimpiki," na kila asubuhi paka aliikuta. Paka huyo alinenepa mpaka akashindwa kupita chini ya mlango. Nami nilimchukia, nasema wazi, kwa sababu alikuwa jike.

Mwaka wa tisini na mbili Nanyama alijaribu tena. Bega lilitoka mahali pake mazoezini, likarudishwa, likakataa kuwa lilivyokuwa. Gurdev akampa lile tufe la mlangoni aende nalo. Mlango wake tangu hapo unazuiwa na tofali. Nanyama akahamia Kiminini, akawa anawafundisha wasichana wa shule kurusha, na huko nako wakamwita Olimpiki, na wasichana wake waliogopa kuuliza alishinda mwaka gani.

Halafu Baba akaugua. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, Olimpiki nyingine, redio imewekwa kwenye stuli kando ya kitanda. Alikuwa amekonda, meno yamebaki ya kuhesabika, na sauti ya mahakama imekwisha. Kila Jumapili Nanyama alikuja kutoka Kiminini na maziwa na mkungu wa ndizi. Alikaa mlangoni, ndani hakuingia, na mimi niliketi kati yao nikitafsiri.

Jumapili moja Mama alimchinjia Baba kuku wa supu. Kulikuwa na jua zuri, dirisha liko wazi. Baba akazima redio.

"Edah, mwambie arushe."

"Baba, bega lake—"

"Mwambie."

Nanyama hakungoja nimwambie. Alichukua tufe nyuma ya kiti cha lori ambalo Absalom alikuwa ameliegesha, akaenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo ukuta ulikuwa kati yake na Baba, akafunga leso vizuri. Nilimwona kutoka dirishani. Aliinama, akajikunja, akaruka, na uso wake ulijikunja kwa maumivu. Tufe lilianguka karibu, karibu sana, kwenye viazi vya Mama.

Baba alikuwa amefumba macho.

"Fupi," akasema. Kisha akatabasamu na yale meno yake. "Lakini ni yake."

Mama akaleta supu, na firigisi kwenye sahani yake ndogo, kama kawaida, ya paka. Nanyama alirudi mlangoni anajisugua bega.

"Nanyama," Baba akaita.

Mama alishtuka mpaka supu ikamwagika. Miaka kumi na miwili, hatukuwahi kusikia jina hilo mdomoni mwake. Alikuwa mtoto wa watu tu.

"Njoo hapa karibu."

Nanyama akaingia hatua moja. Alinitazama mimi, macho yamejaa. "Mwambie baba bado sina medali."

Nikafungua mdomo. Baba akainua mkono.

"Edah, nyamaza. Kesi imekwisha, mkalimani aende nyumbani." Akamgeukia Nanyama, akamtazama usoni. "Nimengojea Olimpiki miaka hii yote. Haijakuja hapa hata siku moja kuniuliza nimeamkaje. Wewe umekuja kila Jumapili. Na mimi sijawahi kukuona ukirusha, nilikuwa nasikia tu. Shika, mwanangu."

Akainua sahani. Firigisi ilicheza huku na huku juu yake. Nanyama akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. Akauma nusu. Akatafuna huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kisha akanigeukia akaninyooshea ile nusu nyingine.

"Mulamwa."

"Edah!" Mama akaita kwa mazoea, kwa sauti ileile aliyonikemea nayo nilipokuwa mtoto. Halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mvi, na sikuwahi kuonja firigisi katika nyumba ya baba yangu. Nilijiona mcheshi miaka yote hiyo, nikitafsiri vita vya mtu mwingine. Niliuma. Nililia kwa sauti, kama mtoto wa chekechea, mdomo umejaa.

"Na mimi je?" Mama akasema kutoka pale aliposimama. "Mimi niliyezipika zote?"

Tukamtazama. Kipande kilichobaki kilikuwa kama kifungo cha shati. Nikampa. Mama Peris akakiweka mdomoni, akafumba macho, akatafuna, akatafuna, akaendelea kutafuna, maana firigisi ni ngumu na yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa ameichomoa chunguni mapema. Mwishowe akameza. Akafungua macho akamtazama mumewe.

"Wabwile," akasema. "Ni hii tu?"

Baba alicheka mpaka akakohoa, na nje ya mlango paka alikuwa analia.